Kuvu Nyeupe Katika Nchi ya Migomba

Mwaka 1953, huko Kamachumu, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muleba mkoani Kagera, polisi wa serikali ya kikoloni waliwatawanya kwa mabomu ya machozi wakulima waliokusanyika kumsikiliza Ali Migeyo. Migeyo alikuwa mfanyabiashara na msemaji mkali wa chama cha African Association, na harakati zake zilimfikisha gerezani. TANU ilikuwa haijazaliwa. Ilizaliwa mwaka uliofuata. Mtu akisikia habari hizo leo anadhani watu walijaa pale kwa ajili ya kodi au ardhi. Kumbe moja ya mambo yaliyowatia hasira lilikuwa mdudu mweusi asiyefikia hata urefu wa pingili ya kidole, pamoja na amri zilizotolewa kwa jina lake.

Mdudu huyo ni fukusi wa migomba. Serikali ilitaka migomba iliyoshambuliwa ing'olewe na mashamba yasafishwe, na watu wake wakaingia vibanjani kuhakikisha. Kwa bwana shamba hiyo ilikuwa kazi ya kawaida ya kuharibu mazalia. Kwa Mhaya, mwenyeji wa nchi hiyo, ilikuwa jambo jingine kabisa. Kibanja ndimo nyumba ilimo, ndimo walimozikwa babu na bibi, ndimo kinamotoka chakula cha jioni, maharage, kahawa ya kuuza na ndizi za kutengenezea pombe ya lubisi. Mgomba mchanga huchukua mwaka na zaidi kabla ya kutoa mkungu. Mgeni anayeingia humo na kuonyesha kwa kidole upi ung'olewe amegusa chakula, urithi na heshima ya mwenye kaya kwa mkupuo mmoja.

Na machungu ya 1937 yalikuwa hayajasahaulika. Mwaka huo kanuni za kilimo cha kahawa, zilizompangia mkulima namna ya kupanda na kutunza mibuni yake mwenyewe, zilileta vurugu Buhaya nzima. Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla Mjerumani hajafika. Walichemsha buni, wakazikausha na kuzitafuna, na mbegu mbili za tunda moja walizigawana wakati wa kuchanjiana udugu wa damu. Watu wa namna hiyo kuambiwa na karani jinsi ya kupogoa mbuni si jambo dogo.

Nionavyo, mabwana shamba wa 1953 hawakusema uongo kuhusu mdudu. Usafi wa kibanja hupunguza fukusi hata leo, na kituo cha utafiti cha Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, bado kinaufundisha. Walichokosa ni msaidizi ambaye angefanya kazi bila kusindikizwa na askari. Na msaidizi alikuwepo, tena chini ya miguu yao: kuvu zinazoua wadudu. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamezijua kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwanza tumtazame mdudu mwenyewe. Mjerumani Ernst Germar ndiye aliyemweleza kitaalamu mwaka 1824, na leo vitabu humwita Cosmopolites sordidus. Asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, kulekule ilikotoka migomba. Ana mabawa, lakini ni nadra sana kuruka. Usiku hutembea mita chache tu, na mchana hujificha kwenye maganda ya mgomba au chini ya matandazo. Ukimshika hukunja miguu na kujifanya amekufa. Kilichomvusha bahari na kumfikisha Ziwa Victoria ni mikono ya watu: machipukizi yaliyotolewa kwa jirani, kwa shemeji, kwa mtoto anayeanzisha kaya yake, mengine yakiwa na mayai au funza ndani.

Anaishi muda mrefu kwa mdudu wa kimo chake, mwaka mmoja hadi miwili, na jike hutaga kidogo, kama yai moja kwa wiki. Kwa hiyo si mdudu wa kuvamia kama nzige. Hujaza kibanja polepole, na mwenye kibanja hushtuka akiwa amechelewa. Hasara hufanywa na funza. Huanguliwa kwenye tunguu, sehemu ya mgomba iliyo chini ya udongo, akalitoboa huku na huku, na nyuma yake huacha mahandaki ya rangi ya kahawia nyeusi. Mizizi hukatika, maji na chakula havipandi, mkungu hutoka mwembamba. Kisha upepo mkali wa ziwani ukivuma wakati wa mvua, mgomba wenye mkungu mchanga hulala chini mzima na tunguu lake.

Hali ya mashamba yenyewe ilimsaidia. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa eneo lote la maziwa makuu, Buhaya ikiwemo. Samadi ndiyo iliyokuwa imejenga udongo wa vibanja, kwa sababu udongo wa asili wa vilima hivi, ule unaouona kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ni maskini. Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua kama hiyo huosha rutuba na kuishusha chini. Ng'ombe wakipungua, kibanja huishi kwa majani yanayokatwa rweya na kutandazwa, kazi ambayo kwa sehemu kubwa imebebwa na wanawake. Mgomba unaokula vizuri huweza kuvumilia funza kadhaa. Mgomba wenye njaa hauvumilii.

Sasa twende Italia kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 19. Karibu na mji wa Lodi aliishi Agostino Bassi, mwanasheria aliyegeuka mkulima, ambaye macho yake yalikuwa yakidhoofika. Wafugaji wa viwavi wa hariri walikuwa wakipata hasara kubwa: viwavi walikufa, wakakakamaa, kisha wakafunikwa na unga mweupe kama waliopakwa chokaa. Wengi waliamini ugonjwa huo unatokana na hewa mbaya au chakula. Kuanzia mwaka 1807 Bassi aliushughulikia kwa takriban robo karne. Aliwanyima viwavi hewa, akawabadilishia chakula, akawatesa kwa kila namna, na ugonjwa haukutokea. Ulitokea pale tu alipochukua unga mweupe wa kiwavi aliyekufa na kumgusisha mzima. Mwaka 1835 akachapisha matokeo yake: ugonjwa huletwa na kiumbe hai, kuvu, na huambukiza. Mwaka huohuo mwenzake Giuseppe Balsamo-Crivelli aliipa kuvu hiyo jina la Bassi, na mwaka 1912 Mfaransa Paul Vuillemin akaihamishia kwenye kundi jipya. Ndiyo maana leo inaitwa Beauveria bassiana.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Louis Pasteur na Robert Koch walikuja baadaye kuthibitisha kwamba magonjwa ya watu na mifugo pia huletwa na viumbe visivyoonekana kwa macho, na Koch huyohuyo jina lake limo katika historia ya Kagera. Tauni ilipokuwa ikiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1897 na 1898, daktari wa Kijerumani aitwaye Zupitza alichukua sampuli, na Koch akathibitisha kwamba ilikuwa tauni yenyewe. Elimu iliyotambua ugonjwa wa Kiziba ilikuwa imeanzia kwa mdudu aliyekufa akiwa mweupe.

Wa kwanza kuona kwamba ugonjwa wa mdudu mharibifu unaweza kuwa silaha ya mkulima, na kuifanyia majaribio ya maana, alikuwa Mrusi Ilya Mechnikov. Mwaka 1879, huko Odessa, alichunguza mende walioharibu ngano na kukuta kuvu nyingine, hii yenye unga wa kijani. Ndiyo inayoitwa Metarhizium. Miaka michache baadaye mwenzake Krasilshchik alikuwa tayari anaizalisha kwa wingi kwa ajili ya mashamba. Yaani wakati Emin Pasha anaanzisha boma la Bukoba mwaka 1890, wazo la kuotesha ugonjwa wa mdudu na kuumwaga shambani lilikuwa limekwisha kufanyiwa kazi.

Namna kuvu hizi zinavyoua inafaa ielezwe taratibu, maana ndiyo inayoeleza faida zake na matatizo yake yote. Hazihitaji kuliwa. Spora, punje ndogo isiyoonekana bila hadubini, hunata kwenye gamba la mdudu anapopita. Unyevu ukiwepo, ndani ya siku moja hivi huchipua, ikatoa kijiuzi kinacholainisha gamba kwa vimeng'enya na kulisukuma mpaka kikapenya. Ikishaingia hujigawa na kuenea katika damu ya mdudu, ikala akiba yake ya chakula, na baadhi ya kuvu hizi hutoa sumu. Mdudu huacha kula, hutembea kivivu, na baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa kwa mwenye gamba gumu, hufa. Mwili hauozi. Hukauka na kukakamaa. Kama mahali pana unyevu wa kutosha, kuvu hutoka nje kupitia sehemu laini: kwenye maungio ya miguu, kati ya kichwa na kifua, chini ya mabawa. Fukusi aliyekufa kwa Beauveria huonekana kwanza ana pete nyeupe shingoni na kwenye magoti, halafu vidonge vya pamba, halafu weusi wake unapotea wote. Unga ule ni mamilioni ya spora zinazongoja mwingine apite.

Jua kali huziua spora, na ukavu huzizuia kuchipua. Kibanja cha Kihaya kina kivuli cha migomba, matandazo mazito na mvua ya karibu kila mwezi. Sijui kama kuna shamba la wakulima wadogo Afrika Mashariki linaloifaa kuvu ya wadudu kuliko hilo.

Upande wa pili wa maziwa, katika Kongo ya Wabelgiji, mtu mmoja alikuwa ameanza kuona. René Steyaert, mtaalamu wa kuvu wa Kibelgiji, aliandika mwaka 1935 kwamba Beauveria bassiana ni adui wa asili wa ruhuka, yule mdudu mdogo wa milimita mbili anayetoboa tunda la kahawa kwenye kitovu chake na kuzaa ndani ya buni. Ruhuka ni mwenyeji wa Afrika ya Kati, na robusta ya nyanda za chini ndiyo kahawa anayoipenda, kwa hiyo habari ya Kongo ilikuwa habari ya Bukoba pia. Dalili yake ni rahisi kuiona kwa anayejua pa kutazama: katika kitundu cha tunda jike amekufa akiwa nusu ndani nusu nje, na nyuma yake kimejitokeza kishungi cheupe kilichoziba mlango. Baadaye Kolombia, baada ya ruhuka kuingia nchini humo mwaka 1988, iliizalisha kuvu hiyo kwa wingi mkubwa kwa ajili ya mashamba yake ya kahawa. Afrika, kwao mdudu na kwao kuvu, haikufanya hivyo.

Kilichofanyika hapa kwetu ni kwamba, baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa za viwandani zilifika na kuwafanya wote waone mambo ya kuvu ni ya polepole mno. Dawa ya dieldrin ilimwagwa kwenye migomba ya Afrika Mashariki, na kwa muda iliua fukusi vizuri sana. Ilikaa kwenye udongo miaka mingi, na hapohapo ndipo lilipokuwa tatizo lake: fukusi wa nchi nyingi wakaizoea, na binadamu na viumbe wengine wakabaki nayo. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka miongoni mwa kemikali 12 za kwanza za kuondolewa duniani. Iliyofuata ni kabofurani ya chembechembe, ambayo wakulima waliijua kwa jina la Furadan. Nayo ni sumu kali kwa ndege na kwa watu. Kumwaga kitu hicho kando ya jiko, mahali kuku wanapochakura na watoto wanapocheza, ni biashara ambayo mwenye kibanja hakuielezwa yote.

Kurudi kwa kuvu kulitokea kandokando ya ziwa hilihili. Mwaka 1993 Godwin Kaaya na wenzake wa kituo cha kimataifa cha ICIPE nchini Kenya, ambacho kilikuwa na kituo chake cha mashambani Mbita kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, walichapisha matokeo ya kuwaambukiza fukusi kwa bakteria na kuvu. Funza walikufa haraka: zaidi ya nusu ndani ya siku 9. Fukusi wazima walikuwa wagumu, na hata baada ya mwezi waliokufa hawakufika nusu.

Hapo fumbo lote likawa wazi. Anayekufa upesi ni funza, lakini funza yumo ndani ya tunguu, ambamo spora haifiki. Anayetembea nje na kuweza kufikiwa ni fukusi mzima, na huyo ana gamba gumu na maisha marefu. Sehemu kubwa ya utafiti wa miaka iliyofuata inaeleweka kama majaribio ya kulizunguka tatizo hilo.

Caroline Nankinga, mtafiti wa Uganda katika kituo cha Kawanda kaskazini mwa Kampala, alianzia kwenye kuvu za hukohuko Uganda. Alizichagua zilizo kali, kisha akashughulikia swali ambalo wanasayansi wengi hulidharau: mkulima ataimwaga ikiwa katika sura gani? Alijaribu kuichanganya na mafuta, na udongo, na kuiotesha kwenye punje za mahindi. Kazi ya mahindi haina uchawi na anayeotesha uyoga ataitambua mara moja. Punje hulowekwa, huchemshwa kwa mvuke wa nguvu ili kuua vijidudu vingine, hupozwa, hupandikizwa kuvu safi, na mfuko huachwa mahali penye baridi kiasi. Baada ya wiki mbili au tatu kila punje imevaa koti jeupe. Punje hizo zilimwagwa kuzunguka shina la mgomba na kufunikwa kwa matandazo. Katika majaribio aliyochapisha mwaka 2000 pamoja na Dave Moore, fukusi walipungua kwa zaidi ya nusu katika muda wa wiki nane.

Zaidi ya nusu ni matokeo mazuri. Lakini mahindi ni chakula, na kiasi kinachohitajika kwa kibanja kizima si cha kiganjani. Kumwambia mama wa Muleba anunue magunia ya mahindi yaliyoota ukungu ayamwage chini ya migomba, katika mwaka wenye njaa, ni mazungumzo magumu. Aidha kuvu ikishafika kwenye udongo halisi hukutana na vijidudu vingine vinavyoshindana nayo, na nguvu yake hushuka kadiri wiki zinavyopita. Lazima irudiwe.

William Tinzaara, naye wa Uganda, alichukua njia nyingine. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walikuwa wamebainisha harufu inayotolewa na fukusi dume kuwaita wenzake, na harufu hiyo ikaanza kutengenezwa viwandani. Tinzaara, akiwa na Clifford Gold wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wageningen, aliuliza kwa nini kuvu itawanywe shamba zima wakati fukusi wanaweza kuitwa waifuate. Weka harufu mahali pamoja, weka kuvu hapohapo. Fukusi huja, hujipaka, kisha huondoka na kurudi mgombani kwao, ambako huwagusa wenzao wakati wa kujificha na kupandana. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba maambukizi kweli husafiri hivyo. Fukusi aliyeletwa Afrika na machipukizi ya watu akageuzwa yeye mwenyewe mchukuzi. Lakini vidonge vya harufu vinatoka viwanda vya mbali na vinahitaji kubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, na hiyo ni gharama nyingine.

Wakati huo Kagera yenyewe ilikuwa na mambo mengine mikononi. Mwaka 1997 mibuni ya robusta ilianza kunyauka na kufa tawi kwa tawi: mnyauko fusari ulikuwa umevuka kutoka Uganda, ambako uliua karibu nusu ya robusta ya zamani. Na hapa historia ina kejeli yake. Aliyeieleza kitaalamu na kuipa jina kuvu ya mnyauko huo, Fusarium xylarioides, mwaka 1948, ni Steyaert yuleyule aliyeandika habari za kuvu inayoua ruhuka. Mtu mmoja, dawati moja, kuvu mbili: moja iliyokuwa tayari kuusaidia mbuni, nyingine iliyoujia kuumaliza. Iliyovuka mpaka kwa nguvu zake yenyewe ni ya pili. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ilijibu kwa kutoa aina za robusta zinazostahimili mnyauko, na ikazipa majina ya nyumbani: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Mwaka 2006 ukathibitishwa ugonjwa mwingine, mnyauko bakteria wa migomba, na kazi ya kung'oa na kufukia ikarudi vibanjani, safari hii kwa kushauriana na serikali za vijiji. Katika hali hiyo fukusi, ambaye haui kwa mwezi mmoja bali kwa miaka, alisogea nyuma kwenye orodha ya wasiwasi.

Kwamba kuvu inaweza kufanya kazi Tanzania kwa kiwango kikubwa kulionekana mwaka 2009, si kwa migomba bali kwa nzige wekundu. Mradi wa kimataifa ulioanza mwaka 1989, baada ya nzige wa jangwani kusumbua Afrika na dawa za kemikali kumwagwa kwa mamilioni ya lita, ulikuwa umetoa kuvu ya Metarhizium iliyochanganywa na mafuta ili spora zichipue hata penye ukavu. Mwaka huo FAO na shirika la kudhibiti nzige wekundu waliipuliza kutoka angani katika mabonde ya Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na mto Malagarasi, karibu hekta 10,000. Makundi ya nzige yalizuiwa kabla hayajaruka. Tanzania ikawa mahali ilipotumiwa dawa hai ya namna hiyo kwa eneo kubwa dhidi ya nzige wekundu. Angalia lakini kilichowezesha: ndege, fedha za wafadhili, hatari inayotisha nchi kadhaa kwa pamoja. Fukusi wa Kamachumu hatishi nchi jirani.

Nchini Kenya mambo yamepata mlango wa biashara. ICIPE, ambako Mkongo Nguya Maniania alifanya kazi ya kuvu kwa miaka mingi, iliingia ubia na kampuni ya Real IPM ya Thika, na aina za Metarhizium zilizotokana na utafiti huo zikauzwa kwa wakulima wa mboga, maua na miti ya matunda. Mkulima wa maembe anayesumbuliwa na nzi wa matunda anaweza kuinunua dukani. Mpaka mmoja tu unatenganisha duka hilo na Bukoba, ila dawa hai husajiliwa nchi kwa nchi. Kwetu kazi hiyo ni ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kisha kuna rafu. Chupa ya sumu ya kawaida huvumilia joto la duka la bati mwaka mzima. Spora ni kitu hai, na joto huzipunguza wiki hadi wiki. Muuzaji wa pembejeo asiye na jokofu, au mwenye jokofu lisilo na umeme wa uhakika, anauza unga wa spora uliokufa bila yeye mwenyewe kujua, na mkulima akiutumia mara moja bila mafanikio harudi tena. Naona kikwazo hiki ni kikubwa kuliko vyote vya maabara.

Kazi inayonivutia zaidi ni ya Juliet Akello, Mganda mwingine, aliyeifanya IITA na kuikamilisha katika Chuo Kikuu cha Bonn mwaka 2008. Yeye aliacha kuhangaika na fukusi mzima na akalikabili lile fumbo la tangu Mbita: namna ya kumfikia funza ndani ya tunguu. Alichukua miche ya migomba iliyozalishwa maabara, akachovya mizizi na tunguu changa kwenye maji yenye spora za Beauveria kabla ya kupanda. Kuvu iliingia ndani ya mmea na kuishi humo bila kuudhuru. Funza waliojaribu kula matunguu hayo walikufa wengi, na uharibifu ukapungua sana ukilinganisha na miche isiyochovywa. Kuvu ilipatikana bado hai ndani ya mimea miezi kadhaa baadaye. Haikuhitaji magunia ya mahindi, wala ndege, wala rafu yenye ubaridi dukani. Humo ndani jua halifiki na unyevu haukosekani.

Njia hiyo inamhamishia kazi mwenye kitalu, na hapo Kagera ina uzoefu wake. Kati ya 1997 na 2002 mradi wa maendeleo uliofadhiliwa na Ubelgiji, KCDP, uliingiza aina mpya za migomba zikiwa miche ya maabara kutoka Chuo Kikuu cha Leuven, zikiwemo FHIA na Yangambi Km5, aina ambazo huvumilia zaidi wadudu na magonjwa. Miche ilizalishwa vitaluni mkoani, kisha machipukizi yake, zaidi ya milioni 2, yakagawiwa vijijini, na baada ya hapo watu wenyewe wakaendelea kugawiana. Wako waliolalamika kwamba ladha haifikii ya ndizi za asili, na wako walioziuza vizuri sana kwa lubisi na kwa soko la Mwanza. Mtandao huo wa vitalu na wa kupeana mbegu ulijengwa bila amri na bila faini. Kuongeza ndani yake ndoo moja ya maji yenye spora, katika hatua ambayo mche unatoka kitaluni na mizizi yake bado iko wazi, ni kazi ya saa mbili.